Gego la Chini Kulia

Nyumbani, mlango wa pili baada ya kinyozi,
Jumamosi, tarehe 11 Mei.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi. Natumai wewe na Shemeji hamjambo, na kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Sisi ni wazima. Goti la Mama linauma asubuhi, na mchana hulisahau mpaka mtu amkumbushe. Mimi bado nakimbizana na habari za gazeti, ila safari hii habari iko ndani ya nyumba.

Inahusu meno ya binti yako, Chiriku. Keti kwanza.

Unalikumbuka lile gego la chini kushoto lililokuwa na doa, ukatuambia kwa simu tuliache, ni la utoto, litang'oka tu? Halikuwa la utoto. Daktari wa meno alinionyesha kwa kioo: magego ya kwanza ya ukubwani huota nyuma kabisa mtoto akifika miaka sita hivi, bila jino lolote kung'oka kuyapisha. Ndiyo maana nyumba nzima haikujua kama yamefika. Chiriku alilia na jino hilo mpaka fundi cherehani wa ghorofani akashuka kuuliza nani anampiga mtoto. Limetobolewa, limezibwa, yamekwisha.

Yamebaki matatu mazima. Juu yake yana mifereji myembamba ambayo unywele wa mswaki hauingii, lakini tofi zako zinaingia bila shida. Dada, acha kutuma tofi. Tuma soksi.

Daktari alishauri ayafunike. Anasafisha jino, analikausha, anapaka dawa majimaji kwenye ile mifereji, kisha anaimulika kwa taa ya buluu mpaka igande. Hakuna sindano wala kutoboa. Mswaki unaendelea kama kawaida. Hilo alilisema mara mbili, mara ya pili akinitazama mimi. Sharti ni moja: jino lisilowe mate kabla dawa haijashika. Mdomo wazi, na kimya.

Chiriku, kimya! Nilidhani hapo ndipo tutakwama. Nilikosea. Mtoto alitulia kama picha ukutani. Shida tulikuja nayo wenyewe kutoka nyumbani, imebeba mkoba mweusi, ikakaa kwenye benchi karibu na mlango.

Daktari alianza na gego la chini kulia. Ameshapaka dawa, anainua taa, Mama akaita, "Chiriku!"

"Abee Bibi!"

Mdomo ukafungwa, pamba ya kuzuia mate ikalowa, ulimi ukapita juu ya jino.

"Nilitaka kujua tu kama yuko hai," Mama akasema.

Daktari akafuta, akaanza upya. Alipofika palepale: "Chiriku, wanakuumiza?"

"Hapana Bibi!"

Yule daktari ni mpole kupita kiasi. "Mama, nakuomba usimwite. Jino likilowa, dawa haishiki."

"Kwa hiyo mjukuu wangu akiitwa na mkubwa asiitike?"

"Dakika moja tu, Mama."

"Adabu haina dakika. Mimi nimelea mtoto, sikufuga bata."

Mawili ya juu yalifunikwa Mama alipokwenda msalani. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshachoka taya, akaanza kulia, na daktari akatwambia turudi Ijumaa saa nne kumalizia lile la chini. Hilo ndilo pacha wa lile lililooza, na mifereji yake ina kina kuliko yote. Likiachwa hivyo, kilio kile kitarudi upande wa pili.

Nimejaribu mazoezi. Jana nilimkalisha kwenye kigoda, mdomo wazi, nikamwita. Kimya. Fundi cherehani akamwita. Kimya. Nikaanza kujisifu. Mama akaita kutoka jikoni, makusudi kabisa, na mtoto akaitika kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kinyozi.

"Umeona?" Mama akaniambia. "Huyo ndiye mtoto. Wewe ulikuwa huitiki, ndiyo maana hata mke huna."

Kumwacha Mama nyumbani nimeshindwa. Anasema hawezi kumwachia mwandishi wa habari mtoto wa watu, nitamsahau kwenye mkutano. Na kumwambia anyamaze, mimi kitinda mimba? Nyumba yetu unaijua.

Basi, kazi ni yako, wewe kifungua mimba. Ijumaa, saa nne na robo, mpigie Mama simu. Mle ndani kwa daktari simu haisikiki vizuri, kwa hiyo atatoka nje. Muulize habari za goti. Usimkatize, usimpe ushauri, wala usimwambie una kazi. Daktari anahitaji robo saa. Goti moja litatosha, na ukiona linaelekea kwisha, ulizia la pili.

Nisalimie Shemeji. Msalimie na Bonge, kaka yake Chiriku, naye mfungue mdomo mtazame kule nyuma kabla hamjasema ni ya utoto. Fundi cherehani anakusalimu. Chiriku anakusalimu sana, anauliza tofi zitafika lini.

Mungu akulinde, akupe afya, na Ijumaa akujalie salio la kutosha.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata wiki hii,
Kitinda mimba