Kijiti cha Samurai

Mdogo wangu Mbarouk,

Salamu kutoka Kanazawa, Japani. Mvua ya huku ni kama ya huko kwenu Birmingham, ila ina adabu zaidi.

Wengi hukosea wakidhani samurai, wale askari wa kale wa huku, walipigana kila siku. Nchi ilipotulia, vizazi kwa vizazi walikuwa makarani wenye panga kiunoni, na wa vyeo vya chini walitengeneza miavuli ya karatasi ili wapate kula. Bibi aliyenionyesha nyumba yao ya zamani alicheka: "Samurai akishinda na njaa, alikuwa akisimama mlangoni akichokoa meno kwa kijiti, majirani wadhani ameshiba!"

Kisha akaniletea wali na samaki. Nami, Mzanzibari, nikajibu, "Ahsante bibi, nimeshiba," nikingoja anisihi. Akainama, akaondoa sahani.

Nilitembea na njaa nikikufikiria wewe. Tangu kazi ya kiwandani Washwood Heath iishe, dada yetu Zuhura akikukaribisha unasema umeshiba, na shati limekuwa kanzu. Unadhani hajui?

Nakupenda, mdogo wangu, kuliko hiyo sifa ya kushiba. Leo nenda kwa Zuhura, na akipakua, kula.