Kikapu Kilichoshonewa Turubai

MAELEZO YA SHAHIDI, KITUO CHA POLISI
Jina: Mama Turubai (ndilo analoitika)
Umri: miaka 58
Kazi: fundi wa kushona maturubai ya malori
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya gereji ya malori
Yalianza kuandikwa: tarehe 15, saa tisa na robo alasiri

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Akili zangu ni timamu, ingawa afande ameniuliza hilo mara mbili. Leo mchana, mbele ya abiria, nilisema kwamba kondakta wa basi ni muuaji. Nataka maneno hayo yarekebishwe.

Aliyekufa ni paka. Ni wa dada yangu mkubwa. Dada hakuolewa, akamfuga huyo dume miaka kumi na miwili, nami nikawa namwita Shemeji kwa utani mpaka jina likamganda. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita. Dada ndiye aliyenilea, hata sindano alinishikisha yeye. Sasa amelazwa hospitali ya mbali, amepooza upande mmoja, na daktari alimwambia mpwa wetu kwamba siku zilizobaki ni za kuhesabu. Juzi mpwa alimwekea simu sikioni. Dada alijikongoja kwa maneno, akasema, "Niletee Shemeji." Muuguzi alikubali: dakika tano, dirishani.

Mnamo tarehe 14, saa kumi na moja alfajiri, nilimtia Shemeji kwenye boksi. Alilichana, akapanda darini, basi likaniacha. Leo sikutaka mchezo. Nilimweka kwenye kikapu cha ukindu, nikakishonea turubai juu yake na kuzunguka, uzi wa nailoni, mshono wa kurudia. Nilitoboa matundu manne kwa msumari wa moto. Miaka thelathini kazi yangu ni kuzuia maji na vumbi visiingie kwenye mizigo ya watu, na buti la basi nalijua lilivyo na vumbi. Tena nilijisifu, afande. Nilisema, "Hapa hata tone haliingii."

Basi liliondoka saa moja kamili asubuhi. Kondakta alikataa paka akae na abiria. Alisema, "Mama, wanyama chini." Nilimbembeleza, nikamweleza habari za mgonjwa, akasema amri ni ya tajiri wake. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa ili niwe juu ya buti, nikawa namsikia akilia chini ya miguu yangu. Nilimwambia, "Vumilia Shemeji, tunakwenda kwa mkeo." Abiria wa pembeni yangu alicheka mpaka akapaliwa.

Saa nne na dakika ishirini tulisimama ili watu wajisaidie. Nilimwomba kondakta afungue buti nimpe paka maji. Alinijibu, "Tumechelewa. Paka ana roho saba, mama." Ningeweza kumkoromea. Nina mdomo mimi, mtaa mzima unaujua. Lakini niliogopa tusije tukateremshwa, nikarudi kitini kimya.

Baada ya hapo kilio kilipungua, kikaisha. Nilidhani amelala. Nilifurahi.

Saa sita na nusu tairi lilipasuka, buti likafunguliwa ili jeki itolewe. Nilikimbilia kikapu. Turubai lilikuwa la moto, halishikiki. Mkasi wangu ulikuwa ndani ya sanduku, na sanduku liko chini ya magunia ya watu. Fundi mzima, sina mkasi! Niling'ata uzi mpaka nikachanika mdomo, kama unavyouona. Kondakta alileta kisu cha dereva, akakata huku jasho likimtoka, akauliza, "Mama, ulikuwa unafunga simba?" Alikuwa hajajua. Alipofunua tu, nikamzaba kibao. Nikapiga kelele kwamba amemuua, na abiria wawili wakamrukia kwa sababu ya kelele zangu, ndipo tukaletwa hapa kituoni.

Sasa yuko kwenye benchi hapo nje, shati limechanika. Alininyima dakika mbili, na kwa hilo simsamehe leo. Lakini nimekaa na kikapu mapajani tangu saa saba, nikiikagua kazi yangu. Yale matundu hata kidole cha mwisho hakipiti. Vumbi halikuingia, maji hayakuingia, na hewa haikuingia. Kama unatafuta mshtakiwa, afande, unaye hapa mbele yako.

Saa tisa na dakika hamsini, tukiwa katikati ya maelezo haya, simu yangu iliita na afande akaniruhusu kupokea. Alikuwa dada. Alisema kwa sauti nzuri kuliko juzi. Aliuliza tuko wapi, nikamwambia tuko njiani. Aliuliza kama Shemeji analia. Nikasema halii.

"Amelala?"

Nikasema amelala.

Dada akasema, "Basi usimwamshe."

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, sina la kupunguza. La kuongeza ninalo, lakini si la polisi.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, nikamsomea akayakubali. Kondakta ameachiwa saa kumi na nusu. Paka amezikwa nyuma ya kituo, ndani ya mtandio wa shahidi. Nilitaka kuufunga fundo. Shahidi aliomba uachwe wazi.