Bolti Kumi kwa Jina la Papa Didier

Durban, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mama aliniambia kwamba siku hizi unafungua gereji saa nne, kisha unakaa kwenye kiti na kuwaelekeza vijana kwa mdomo. Nilicheka, maana najua mdomo wako unakaza nati kuliko mikono ya watu. Na Mama mwenyewe, presha imetulia? Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inayoniuma. Simu zako nimezikwepa wiki tatu kwa sababu haya siwezi kuyasema huku nakusikia unavyohema. Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Msamvu anayefuata mali huku.

Gereji yetu iko karibu na Cato Manor, na mwenye nayo ni Mhindi wa Chatsworth ambaye sote tunamwita Ankali. Nadhani niliwahi kukutajia Papa Didier, fundi Mkongo wa Bukavu, mtu mzima wa rika lako. Vyeti vyangu vya nyumbani huku havitambuliwi. Vyake vilitambuliwa baada ya kuhangaika miaka. Kwa hiyo kila gari ninalotengeneza mimi, kadi ya kazi anaisaini yeye. Ndivyo tunavyoishi hapa, mwenye karatasi anambeba asiye nazo, na Papa Didier hakuwahi kuniomba hata soda.

Ikaja pikapu ya dizeli yenye tabo, ile feni ya kusukumia injini upepo. Ikipanda mlima wa Pinetown na mzigo inachemsha, maji yanapungua na chini huoni hata tone, asubuhi inatoa moshi mweupe. Mafundi wawili wakasema tabo imekufa. Nikasema hapana. Nikafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, nikawasha, maji yakaanza kutoa mapovu. Nikazima, nikaijaza rejeta upepo kwa pampu ya kupimia, mshale ukawa unashuka polepole. Nikang'oa nozeli, nikachungulia, nikakuta maji yamekaa juu ya pistoni ya tatu. Gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye pistoni, imeungua, tabo haina kosa. Ankali akanipiga begani mbele ya wote: "Sharp, Tanzania!" Huku jina sina, naitwa kwa nchi. Lakini siku ile nililipenda, Baba, na kichwa kikavimba.

Tukaifungua hedi, ikapelekwa mashineni kusawazishwa, ikarudi inang'aa. Gasketi mpya ya chuma ilikuwepo. Bolti kumi za hedi ndizo hazikuwepo, dukani wakasema mpaka Jumatatu, na hiyo ilikuwa Ijumaa. Papa Didier akaniambia, "Mwanangu, tungoje. Hizi bolti iko za mara moja tu. Ukikaza inavutika, hairudi tena. Unatupa, unaweka ya mpya, c'est tout, basi."

Nikamjibu kwamba mimi nimezaliwa gereji. Kwamba baba yangu hajawahi kutupa bolti ya hedi: anaiosha kwa dizeli, anaipaka oili, anairudisha, na Landrova alizozifunga hadi leo zinapanda Uluguru. Papa Didier akatikisa kichwa, akaondoka kwenda miadi yake ya macho. Nilitaka kuikabidhi ile pikapu siku hiyohiyo, nipigwe tena begani. Nikarudisha bolti za zamani. Aliporudi akauliza, "Bolti zilifika?" Nikasema, "Nimemaliza, Papa." Akachukua kalamu, akasaini.

Pikapu ilikaa siku tisa. Ilirudi ikivutwa, maji yamechanganyika na oili. Ankali akaifungua hedi kwa mikono yake, akazipanga zile bolti mezani, akazipima na mpya. Zote zilikuwa zimerefuka. Akachukua kadi, akasoma jina. Hakuuliza kitu. Alimwambia Papa Didier akusanye spana zake.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, Baba, nimeshika tambara. Papa Didier alinitazama mara moja. Nikainama, nikaanza kufuta sakafu ambayo ilikuwa safi.

Siku ya nne ndipo nilipoingia ofisini nikasema yote. Ankali hakuinua hata macho. "Eish, Tanzania. Jina ni lake. Kama kazi ni yako, basi yeye alisaini asichokiona. Rudi kazini." Nikarudi. Injini ile nimeifunga upya kwa bolti mpya, nikakaza kwa spana ya kipimo, kisha nikazungusha nyuzi tisini, na tisini nyingine, kama kitabu kinavyotaka. Sasa inapanda Pinetown bila kuchemsha. Kadi imesainiwa na fundi mpya aliyeletwa mahali pa Papa Didier, ambaye hata hakuigusa.

Jana nilimfuata Papa Didier. Anauza kava za simu katikati ya mji, nje ya saluni ya mkewe. Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

"Siku gari ilirudi, nilijua. Bolti haiko kitu, mwanangu, hata mimi niliharibu mingi nikiwa kijana. Nilikuwa nangoja useme mbele yangu. Nilikuangalia. Wewe unaangalia chini."

Akanipa kisogo akamhudumia mteja.

Nina hasira na wewe, Baba, siwezi kuificha. Tulikuwa tunarudisha bolti kwa sababu hatukuwa na nyingine, lakini hukuniambia hivyo. Uliniambia ndio ufundi, na mimi nikaja kutamba na shida zetu mbele ya watu. Ila kunyamaza hukunifundisha wewe. Hilo ni langu peke yangu, na ndilo linalonikosesha hamu ya kula.

Msalimie Mama, lakini haya usimsomee. Nisalimie dada Zuhura aliyenifungia kashata siku ya safari, na shangazi wa Kihonda anayenitania kwamba nitarudi na mke wa Kizulu.

Ndani ya bahasha kuna bolti mbili, moja mpya na moja katika zile kumi. Zisimamishe mezani pamoja, vijana wako wazione. Wakiuliza hiyo iliyorefuka ni ya nani, waambie ni ya Hamisi. Kwenye kadi ya kwanza huku bado lipo jina la mtu mwingine.

Ni mimi mwanao,
Hamisi