Pointi za Kemunto

Kwa Baba Kemunto,

Pokea salamu kutoka huku Konoin. Mimi na msichana wako tuko wazima, ila mvua ya wiki hii imetufanya twende na gambuti hata kanisani. Mguu wako unaendeleaje? Ng'ombe alishazaa ama bado anakuzungusha? Mama anameza dawa zake za presha, au bado anazificha chini ya godoro? Nijibu hayo kwanza kabla hujaanza kunijibu haya mengine.

Utashangaa kuona barua wakati simu iko. Kwa simu, Baba Kemunto, hatuwezani. Jumapili nilianza kukueleza, ukanikata. Nikaanza tena, ukasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, nilisikia mpaka jogoo wako. Barua haikatwi katikati, kwa hivyo keti usome.

Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, na nafsi yangu pia sijaiacha.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka tukiwa wote huko Nyamira na Kemunto akapata A-, tulilia wote. Lakini kabla machozi hayajakauka ulikuwa umeshamwambia mchungaji kwamba mtoto anaenda kuwa injinia. Mchungaji akatangaza madhabahuni, na ndugu yako wa mjengo akamletea helmeti ya njano yenye jina lake. Sikatai, ilikuwa furaha. Tangu siku hiyo hakuna mtu huko Nyamira anayemwita Kemunto. Ni Injinia njoo hapa, Injinia kachote maji.

Halafu siku ya kuchagua kozi ukanipigia nikiwa kwa saiba hapa Mogogosiek, nimeketi mbele ya kompyuta, ukaanza kunisomea vyuo kama mtu anayeagiza nyama buchani. Uhandisi hapa, uhandisi pale, nafasi zote uhandisi, na zote katika vile vyuo vikubwa ambavyo watoto wa nchi nzima wanang'ang'ania. "Usiweke vitu vidogo, utamtia mtoto mkosi." Hayo ni maneno yako. Mwalimu Rono, jirani yetu anayefundisha fizikia, alikuwa amenionya jana yake. Nikamwacha yeye, nikakutii wewe. Jina la Kemunto likarudi bila kozi hata moja.

Sasa wameruhusu watoto wachague tena, na wewe unaniambia nirudishe zile zile kwa sababu tumeomba. Kompyuta haijui kama tumeomba.

Wacha nikueleze vile Rono alivyonieleza, maana hata mimi nilikuwa kichwa ngumu. Hiyo A- ni ya masomo yote saba. Kiswahili alipata A, Dini A, Biolojia A. Lakini wa uhandisi hawahesabu yote. Wanatazama hesabu, fizikia, kemia na somo moja zaidi, na kwa fizikia mtoto wetu alipata C+. Wewe una chai, unajua. Majani ya asubuhi yakija na umande, mizani inasoma kilo nyingi, na mimi karani wa kupima chai lazima nikate kilo za maji. Mwenye gunia ananinunia, lakini maji si majani. Wewe mwenyewe uligombana na karani wa huko kwa jambo hilo, ukarudi nyumbani ukasema amekuibia. Hakukuibia.

Rono alichukua karatasi, akaweka pointi za Kemunto kando ya zile za mtoto wa mwisho aliyechukuliwa mwaka jana, chuo kwa chuo. Kwa vyuo vyako alipungukiwa kila mahali, na si kidogo. "Mama Kemunto," akasema, "hapa ni kungojea majani wakati wa kiangazi. Yanaweza kutoka, lakini usiite lori." Akageuza karatasi, akanionyesha chuo kipya ambacho wewe ulikicheka, chenye uhandisi wa kilimo, wa mashine na maji ya shambani. Hapo amempita yule wa mwisho wa mwaka jana, ingawa kwa unywele tu. "Siwezi kuapa," Rono akasema, "mwaka huu labda wengi watakimbilia huko. Lakini hapa naona mlango."

Nilipofika nyumbani nilimkuta Kemunto akikata sukuma. Nikamwonyesha ile karatasi, nikingoja alie. Hakulia. Akaniambia, "Mama, siku ya matokeo nilimwambia Baba fizikia itaniangusha. Akasema nisiharibie watu furaha."

Kumbe ulijua. Mimi nilikuwa nabishana na mtu niliyedhani haelewi, kumbe unaelewa vizuri, ila kanisa limeshapiga makofi na wewe huna uso wa kurudi huko. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Mtoto amekaa na uoga wake wiki nyingi peke yake ili sisi tufurahi. Nami niliyebonyeza zile kozi siwezi kujitoa lawamani.

Leo Alhamisi tumerudi saiba. Safari hii amechagua mwenyewe. Ameweka uhandisi wa kilimo juu, halafu mwingine wa aina hiyo chini yake. Nafasi ya mwisho kabisa ameweka chuo chako kimoja, kwa heshima yako, na mimi sikumkataza. Alipomaliza akaniuliza, "Na Baba ataambiwa na nani?" Nikamwambia nitakuambia mimi.

Msalimie Mama, na umkague lile godoro. Salimia dada yako anayetuangalilia wale wadogo, mwambie sweta nimeshafuma mikono yote miwili. Ndugu yako wa mjengo mwambie helmeti iko salama, na mashine za shamba nazo zinaangukia watu kichwani, kwa hivyo itavaliwa. Mchungaji nitamsalimia mwenyewe nikija.

Barua hii nampa Bosibori, tunayekaa naye laini moja ya nyumba za wafanyakazi, akuletee mkononi. Yeye anasafiri Jumamosi. Uchaguzi wa kozi unafungwa Ijumaa. Ningekuwa nimepiga simu, ungesema hapana, na mimi nakujua na ninajijua: ningekutii tena.

Mkeo anayekungoja ukasirike umalize,

Mama Kemunto