Kipande cha Katikati

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa. Mimi mzima, ila viganja vimekuwa magome matupu.

Nataka ulisikie hili kwangu kabla ya kulisikia gatini. Kazi niliyopata huku ng'ambo ya pili ya maji ni ya daraja. Nimekuwa fundi wa nyaya. Likiisha, magari yatapita juu, treni itapita sakafu ya chini yake, na kivuko chako, unachokitunzia injini, kitalala. Nikasirikie, lakini kumbuka aliyenitia spana mkononi ni nani.

Mwanao, kitindamimba

20 Juni

Baba, shikamoo tena.

Mama mdogo anasema huumwi, umenuna tu. Ningevuka kuja kukubembeleza, ila chombo cha kuvukia ni chako, na uso wako nauogopa.

Huku minara imesimama na nyaya kuu zimevutwa. Vipande vya barabara huletwa na tishari, lile chombo bapa la mizigo, tunavipandisha na kuvining'iniza kimoja kimoja. Kimebaki cha katikati. Siku hiyo mtazuiwa kuvuka. Usinune zaidi. Kila kivuko kinapopita nacheka peke yangu: mzee hajasafisha vichujio, ona moshi ule!

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo. Vichujio ni visafi. Moshi ule ni wa uzee, kama wangu.

Juzi, tulipozuiwa, nahodha alinichokoza: "Leo binti yako katufungia njia." Mara upepo ukageuka. Tishari ikakata kamba zake, ikaanza kuburutwa na upepo pamoja na kipande chenu hicho, kikubwa kuliko nyumba, kuelekea mguu wa mnara.

"Injini itaweza?" nahodha akauliza.

"Itaweza tu. Mwanangu yuko juu pale."

Tukaegemeza kivuko ubavuni mwa tishari. Nikaikaza injini mpaka bolti zikalia. Tishari ikapunguza mwendo, ikasimama, mnara umebaki karibu kiasi cha kuguswa kwa ufagio.

Sikununa kwa ajili ya kazi, mama. Kila siku nakutafuta kule juu, na kila kofia ya njano ikiinama naona ni wewe unaanguka. Mtu ataandikaje hayo? Nikanyamaza.

Baba yako

12 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Nilikuwa kwenye mnara uleule. Tishari iliposimama nikakuona unatoka chumba cha injini, mkono kiunoni, tambara begani. Nikaangua kilio. Msimamizi akadhani nimeumia.

"Yule ni baba yangu," nikamwambia. Akavua kofia. Mafundi wote walikupigia makofi, ila kwa kelele za injini yako hukusikia kitu.

Kipande tumekipandisha jana, kimekaa sawasawa. Na kamba yangu ya usalama naikagua kila ninapopanda, nakuapia. Jumapili ijayo familia zitatembea darajani kabla ya magari na treni kuruhusiwa. Njoo, Baba. Wewe anzia kwako, mimi nianzie kwangu.

Mwanao

15 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Nitakuja. Mama mdogo ananipigia pasi suruali kana kwamba naenda kuposa.

Ila usinikimbilie. Mimi mwendo wangu ni wa pole, na wewe tembea vivyo hivyo. Nataka nikuone unakuja tangu ukiwa mbali.

Baba yako