Nilimpeleka mjukuu kwa ngamia apone simu

Mama Istahil wa redio, salaam aleikum. Mimi ni Wako wa Isiolo, miaka sabini na nane, nimemaliza ukame sita na machifu wanane, wengine walikuwa wananitisha na leo wako kwa mchanga na mimi nakunywa chai, kwa hivyo usifikiri naandika kwa kuogopa, nauliza tu. Iko mjukuu wangu, jina sitataja ni heshima, yuko form three, tangu Ramadhan ameacha mpira, sasa anamwita rafiki yake Kiambi kafiri na huyo Kiambi amekula kwa nyumba yangu tangu shule ya nasari, imamu wetu akiongea kijana anacheka ati hajui dini, mwenye kujua ni ndugu mmoja wa kwa simu ambaye hakuna mtu ameona uso yake. Mwalimu Karambu aliniita shule mara mbili sikuenda, mimi niitwe na msichana? Nikaponda simu kwa jiwe, nikampeleka kijana Sericho kwa boma yetu ya ngamia, maana sisi wote tulinyooshwa na ngamia. Nilijua atalia. Hakulia! Alisema, "Sawa, babu," akafunga nguo mbio, akacheka. Sasa mama yake, binti yangu Qabale, tangu Jumanne hali chakula, anasema nimeharibu. Mwambie nimefanya vizuri. Ukifikiri naongeza chumvi uliza Marete wa miraa ama Lotukoi wa soko ya mbuzi, walisimama hapo nikiponda.

WAKO

Wa aleikum salaam, mzee wangu. Machifu wanane! Pole zao. Umeficha jina la kijana halafu ukataja la kila mtu mwingine Isiolo. Nimeyabadilisha yote kabla ya kusoma hewani.

Sasa nisikilize, najua hujazoea. Kijana wa mjini asiyejua hata kukamua anaambiwa akakae Sericho kwenye shida ya maji, naye anacheka? Wewe uliona utii. Mimi naona mtu aliyepewa lifti. Huyo wa simu anamtaka kijana nje ya shule, mbali na Kiambi, mbali na macho ya mama yake, karibu zaidi na mpaka wa Somalia. Umemfanyia yote, tena bila kuombwa! Na ile simu ilikuwa na ujumbe ambao ungetuonyesha ni nani.

Pole, babu. Asiyempenda mjukuu hangeandika. Lakini Qabale yuko sawa, mpe chakula na umwombe radhi.

Mwambie mchungaji wako wa ngamia asimwache kijana peke yake hata dakika. Kesho asubuhi uende na Qabale, fimbo ibaki nyumbani. Usimwite gaidi. Muulize huyo ndugu alimwahidi nini, kisha unyamaze. Ndiyo, wewe, unyamaze! Kama amepewa siku ya kusafiri, mwambie chifu hapo hapo, msifiche ati ni mambo ya familia. Mrudishe kwa imamu amuulize maswali yake yote, hata ya ujeuri. Jumatatu nenda kwa Mwalimu Karambu, aliyeona kabla yako, umwambie, "Nilikosea, nisaidie," kijana akiwa hapo anasikia.

Hayo ni ya baadaye. Sasa hivi zima redio, mzee, upige simu Sericho.