Msitu wa Ndani ya Miwani

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri.

Ijulikane kwa wote, wa Kamina na wa mbali: kuanzia leo saa tatu asubuhi, mimi, sentinele, yaani mlinzi wa shule, ndiye mtunzaji rasmi wa kitambaa cha kupangusia miwani. Prefe, mkuu wetu wa shule, alinikabidhi mbele ya darasa zima. Wanafunzi wakapiga makofi. Kitambaa ni cha kijani, ukubwa wa kiganja.

Miwani yenyewe ni ile ya virtuel, inayofunika macho yote na kukuonyesha mahali usipokuwepo. Wafadhili waliituma ili watoto wajifunze maisha ya msitu. Waliweka sharti moja: kijengwe chumba cha matofali ya kuchoma, chenye mlango wa chuma.

Matofali hayajichomi.

Nyuma ya shule kulikuwa na kipande cha pori, miti ya misamba mitupu. Mimi sikusoma sana. Pori nililijua kwa kulitazama, na kwa kurasa chache za kitabu cha Kifaransa nilizofungiwa karanga sokoni. Kila mwaka, kwenye wiki ya nne ya mvua, mwalimu wa biolojia aliniachia darasa kwa saa moja. Niliwaonyesha bowa, uyoga wetu mtamu, unavyochomoza chini ya musamba, kwa sababu mzizi na uyoga hulishana. Saa moja kwa mwaka nilikuwa mwalimu.

Sasa nikiri. Wakati wa kuchoma matofali, prefe alinijia na daftari. "Papa Kabamba, weye njo unajua miti. Gani inachoma matofali muzuri?"

Ningesema sijui. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu akiwa ameshika kalamu.

"Musamba, shefu. Ile minene. Moto yake inalala siku mbili."

Nikaendelea kueleza mpaka akachoka kuandika.

Leo wa kwanza kuvaa miwani alikuwa Ngoie, binti wa darasa la mwisho, ulimi wake haujui kukaa. "Ee mama! Miti iko mirefu! Papa prefe, nyama ya pori gani hii inalala kichwa chini?"

Prefe akachungulia karatasi ya maelezo. "Hii msitu iko... mbali kidogo na hapa. Andikeni tu."

Ngoie akainama, akazunguka polepole. "Papa Kabamba, miye natafuta bowa yako. Hakuna. Hata miguu yangu hakuna!"

Darasa likaangua kicheko. Nikacheka nao, kitambaa mkononi.

Mwishowe nikavaa mimi. Niseme kweli: ni pazuri. Kuna sehemu inakushusha chini ya udongo, ukaona nyuzi za uyoga zimeshikana na mizizi, zinapelekeana maji na chakula. Jambo nililolieleza miaka yote kwa kijiti na maneno, leo nimeliona kwa macho. Nimeliona nikiwa kati ya kuta zilizoiva kwa misamba yangu.

Nikaivua. Ilikuwa imelowa kwa ndani. Nikaipangusa, ndiyo kazi yangu.

Tangu mvua zianze, kila asubuhi napita kwenye visiki vya misamba nyuma ya shule. Vingine vimechipua majani mawili matatu, nami nikajiambia kwamba mzizi ulio hai huenda bado unamkumbuka mwenzake. Ngoie ameniomba niwapeleke Jumatatu wakaone bowa ya kweli, na mimi, mjinga, nimekubali. Jioni nimerudi kule na kikapu cha mke wangu, nikafukua majani yaliyoanguka, kisiki baada ya kisiki.

Hii ni wiki ya sita ya mvua. Hakuna bowa.